Stelingi hafi, sawa, lakini nani analipa? Jibu refu kuhusu vifo vya X-Men

Swali limetoka kwa msomaji mmoja wa Morogoro, nalifupisha kidogo: "Kaka shikamoo. Nimeanza kusoma X-Men mwaka jana, nikafika pale Jean Grey anapokufa mwezini, nikalia kabisa. Halafu rafiki yangu ananicheka, ananiambia huyo anarudi, anakufa tena, anarudi tena. Nikajiona mjinga. Sasa kwanini hawa watu hawafi moja kwa moja? Ni uvivu wa waandishi au ni hela tu? Na kama kila kitu kinakuja kufutwa mimi nilie kwa nini?"

Marahaba mdogo wangu. Kwanza hukuwa mjinga, na huyo rafiki yako anajua matukio tu, hadithi bado hajaijua, hivyo ni vitu viwili tofauti na nitakuonyesha. Mimi kazi yangu ni kuandika tamthilia za redio zile za kila wiki zisizoisha, huu mwaka wa kumi na moja, na X-Men, ile komiki ya Marvel ya mamutanti, yaani watu waliozaliwa na nguvu za ajabu, nimeisoma tangu niko sekondari, nakala zilizochakaa za kununua chini barabarani, namba hii leo, namba ile baada ya miezi mitatu, katikati unajaza mwenyewe kichwani. Kwa hiyo nitakujibu kama msomaji na pia kama fundi.

Unakumbuka mabanda ya video? Mle ndani kulikuwa na sheria ambayo hakuna aliyetufundisha ila wote tuliijua: stelingi hafi. Jamaa anapigwa risasi, anatumbukia mtoni, mgeni anashtuka, wenyeji wa banda wanamwambia tulia wewe, stelingi hafi. Na pamoja na kujua hivyo tulikuwa tunakaa kwenye benchi mpaka mwisho, joto, jasho, hakuna anayetoka. Kwa sababu hatukuwa tunajiuliza kama atakufa, tulikuwa tunajiuliza atatokaje, na akishatoka nani atakuwa amebaki chini. Yule rafiki yake, yule mcheshi mwenye picha ya mchumba mfukoni, huyo tulijua kabisa leo harudi nyumbani. Stelingi hafi, lakini kuna mtu analipa kwa niaba yake. Shika hilo, maana X-Men yote, miaka sitini na zaidi, imejengwa juu ya hilo, na ndilo nitakaloling'ang'ania humu.

Sasa mazingira ya kazi, maana bila kuyajua utawalaumu watu bure. X-Men namba 1 ina tarehe ya Septemba 1963, Stan Lee akiandika na Jack Kirby akichora. Vijana watano na mwalimu wao Profesa Xavier: Cyclops, Jean, Beast, Angel, Iceman. Haikufanya vizuri sana sokoni, na mwaka 1970 baada ya namba 66 Marvel waliacha kutoa hadithi mpya wakawa wanachapa upya zile za zamani tu mpaka 1975. Yaani komiki yenyewe ilikufa ikafufuka kabla ya wahusika wake. Mwaka 1975 Len Wein na Dave Cockrum wakatoa toleo kubwa lenye timu mpya, Storm, Nightcrawler, Colossus, Wolverine na wenzao, halafu kijana anaitwa Chris Claremont akapewa aendelee. Akaendelea mpaka 1991. Miaka 16 mtu mmoja, kila mwezi, watu wale wale!

Fikiria unaandika kila mwezi, hujui mwisho, na mhusika siyo wako. Jean Grey ni mali ya kampuni. Wewe unapita, unamkuta ana makovu yaliyowekwa na mwandishi aliyekutangulia, unamwongezea yako, unamwacha kwa anayefuata, na huyo ana mawazo yake. Mwenye riwaya anajua anamuua mtu ukurasa wa 300 na kitabu kinafungwa ukurasa wa 320. Huku hakuna 320, kuna "itaendelea" tu. Ukiua kweli kweli kila anayependwa, baada ya miaka kumi hakuna mtu kwenye jalada, na usipoua mtu kabisa hakuna anayeogopa chochote. Waandishi wote wa X-Men wanatembea kwenye uzi huo mwembamba na wengine wanaanguka.

Hata mimi yamenikuta. Kuna tamthilia tulimuua mama mmoja kwa sababu dada aliyekuwa anaigiza sauti yake alihama mji, haraka haraka, ajali ya basi, basi. Wiki tatu baadaye tukakaa mezani tukagundua yule mama peke yake ndiye aliyekuwa anajua nani baba halisi wa mtoto, na siri hiyo ndiyo iliyokuwa imebeba msimu mzima. Tukamleta mdogo wake kutoka kijijini ambaye hajawahi kutajwa hata siku moja. Wasikilizaji walipokea, lakini mpaka leo nikisikia kile kipindi naona mshono. Kwa hiyo nikiona mshono kwenye X-Men nakuwa na huruma kwanza, halafu ndiyo nahukumu.

Haya, Jean. Twende taratibu hapa maana ndiyo ulipoumia.

Ulisoma mfululizo wa namba 129 mpaka 137, mwaka 1980, Claremont akiandika na John Byrne akichora na kuchangia hadithi. Jean ana Phoenix, nguvu kubwa ya kutoka anga za mbali, nguvu inamzidi, na katika namba 135 anaila nyota, na nyota hiyo ilikuwa na sayari yenye watu bilioni 5, wote wakafa. Kwenye mpango wa mwanzo wa waandishi Jean alikuwa asife. Alikuwa anyang'anywe nguvu, abaki binadamu wa kawaida, aendelee kuishi na mpenzi wake Scott, yaani Cyclops. Kurasa zilikuwa zimeshachorwa! Ndipo mhariri mkuu, Jim Shooter, akakataa. Hoja yake ilikuwa ya maadili, siyo ya mauzo: mtu ameua bilioni 5, hawezi kurudi nyumbani akaoga akalala. Lazima kuwe na adhabu inayolingana. Wakabishana, na mwisho Claremont na Byrne wakaandika upya namba 137, ndiyo ile uliyoisoma wewe. Ule mwisho wa kwanza ulikuja kuchapishwa peke yake mwaka 1984, ukiupata usome, utaona jinsi ulivyo mwepesi ukiulinganisha.

Rudi kwenye zile kurasa za mwisho uangalie kitu kimoja ambacho wengi wanakipita. Jean amevaa nini? Siyo vazi la Phoenix. Amevaa gauni fupi la kijani la zamani, la enzi anaitwa Marvel Girl, la kitoto kabisa. Anapigana kwa jina lake la ujana, kama mtu anayejaribu kurudi kwenye picha ya zamani, na haifai kitu, nguvu inapasuka tena. Halafu yeye na Scott wako kwenye yale magofu mwezini, anamwambia kwamba angelazimika kujizuia kila sekunde ya maisha yake na hawezi kuahidi, anamsukuma Scott pembeni, anaigeuzia silaha ya kale kwake mwenyewe kwa nguvu ya akili. Scott anabaki na mikono imenyooshwa. Hakuna adui aliyemuua, ameamua mwenyewe, na ameamua akiwa na akili timamu. Ndiyo maana ulilia, na ulilia kwa haki.

Sasa 1986. Marvel wanataka jarida jipya la wale watano wa mwanzo, X-Factor. Wanne wapo, wa tano, yule mwanamke, hayupo, kuna wakati walifikiria kumweka Dazzler, mutanti mwimbaji. Lakini kulikuwa na wazo limekaa pembeni miaka, wazo la Kurt Busiek kabla hata hajawa mwandishi anayejulikana, akamsimulia Roger Stern, Stern akamsimulia Byrne: vipi kama aliyekufa mwezini hakuwa Jean? Vipi kama nguvu ya Phoenix ilitengeneza nakala ya Jean, ikamlaza Jean mwenyewe kwenye kifuko chini ya maji ya Jamaica Bay pale New York, na muda wote huo tulikuwa tunamwangalia nakala? Wakamwibua. Wanachama wa Avengers, kundi jingine la mashujaa wa Marvel, wanakuta kifuko, jarida la Fantastic Four namba 286 linaeleza, X-Factor namba 1 inaanza, stelingi amerudi.

Mashabiki mbinu hii wanaiita retikoni, yaani mwandishi wa leo anarudi nyuma na kubadilisha maana ya kilichoandikwa jana bila kufuta maandishi yenyewe. Kurasa za 1980 ziko pale pale, hakuna nukta iliyoguswa, ila sasa ukizisoma unaambiwa yule siyo yule. Ona sheria ya Shooter ilivyowabana: kwa kuwa muuaji wa bilioni 5 hawezi kusamehewa, njia pekee ya kumrudisha Jean ni isemwe hakuwepo. Ili awe hai lazima awe hana hatia, ili awe hana hatia lazima lile tendo lake kubwa kuliko yote, la kujitoa mwenyewe, liwe siyo lake. Wamemrudishia uhai wakamnyang'anya uamuzi wake. Mimi hapo ndipo ninapoumia, zaidi hata ya kule kurudi kwenyewe.

Na bili? Bili akapelekewa mtu ambaye wasomaji wengi wanampita haraka, Madelyne Pryor.

Baada ya Jean kufa Claremont alitaka Scott aishi. Katika namba 168, mwaka 1983, akamleta Madelyne, rubani wa Alaska, anafanana na Jean kama mapacha. Scott anahangaika, ni yeye? siyo yeye? na jibu la Claremont wakati ule lilikuwa zuri mno: siyo yeye. Ni mwanamke mwingine tu, kufanana kupo duniani, na Scott inabidi ajifunze kumpenda kama Madelyne. Namba 175 wanaoana. Mtoto anazaliwa, Nathan. Stelingi wa kwanza wa X-Men anastaafu, anahamia Alaska na mkewe. Huo ulikuwa mwisho mwema wa kweli, kitu adimu sana kwenye komiki za namna hii.

Halafu simu inalia. X-Factor namba 1, Warren, yaani Angel, anapiga, Jean yuko hai. Na Scott anaondoka, anamwacha mke na mtoto mchanga, anakwenda New York. Shujaa! Kiongozi! Kwa ukurasa mmoja mtu aliyejengwa kwa zaidi ya miaka 20 kama mtu wa wajibu anageuka baba aliyetelekeza nyumba, na sababu yake haikutoka ndani yake, ilitoka ofisini, jarida jipya lilimhitaji awe huru. Wasomaji walikasirika na wengine mpaka leo hawajamsamehe Scott.

Ikabidi kitu kifanyike kuhusu Madelyne, maana mke aliyeachwa anayelia Alaska anamchafua stelingi kila mwezi anapokuwa hai. Kwa hiyo ikaja retikoni juu ya retikoni. Kumbe Madelyne ni kloni, nakala ya mwili wa Jean, ametengenezwa na mwanasayansi mwovu Mister Sinister. Kumbe anaingiliwa na mashetani. Kufikia 1988 na 1989, hadithi ya Inferno, ameshakuwa Malkia wa mazimwi, anataka kumtoa mwanawe kafara, na anakufa. Ukisoma kwa haraka ni adui mwingine tu ameshindwa. Ukisoma ukiwa umetoka namba 168 unaona mwanamke wa kawaida aliyeolewa, akaachwa, halafu akafanywa mwovu ili kuachwa kwake kuwe na haki. Na mtoto Nathan, 1991, anaambukizwa kirusi na adui Apocalypse, baba yake inabidi ampeleke wakati ujao ili apone, na huko anakua anarudi mzee kuliko baba yake, ndiye Cable. Simu moja ya 1986 imezaa yote haya.

Kwa hiyo swali lako la uvivu au hela: kurudi kwa Jean kulianzia kwenye hela, ndiyo, sitakudanganya. Lakini waliofuata, hasa Claremont na Louise Simonson aliyekuwa anaandika X-Factor, hawakuwa wavivu hata kidogo, walikuwa wanasafisha nyumba ambayo ukuta wake umevunjwa na mtu mwingine, na katika kusafisha wakatoa baadhi ya kurasa kali kuliko zote. Inferno inatisha kwa sababu hasira ya Madelyne ni ya haki. Anaposema kila kitu alichonacho kimechukuliwa, jina, mume, mtoto, hata sura yake siyo yake, msomaji hana la kumjibu.

Na siyo kila mtu anarudi, hilo nalo mwambie rafiki yako. Thunderbird, John Proudstar, Mwapache, aliingia na timu mpya ya 1975, na mwaka huo huo namba 95 akafa, ndege aliyokuwa anaibomoa kwa ngumi ililipuka naye. Tabia yake ilifanana mno na ya Wolverine, wakali wawili wasiopenda amri, nafasi ilikuwa moja. Ukiacha kuibuka kwa muda mfupi kimazingaombwe, alikaa kaburini zaidi ya miaka 40. Anayerudi haraka ni yule ambaye jina lake linauza jaladani. Wolverine alikufa 2014, kufikia 2018 yuko hai. Jean kauawa tena 2004 kwenye namba 150 ya kipindi cha mwandishi Grant Morrison, kakaa mpaka mwishoni mwa 2017, na hata hapo katikati walimleta Jean kijana kutoka zamani kwa mashine ya wakati, maana kumkosa kabisa waliona hawawezi.

Retikoni isikuogopeshe moja kwa moja ingawa nimekusimulia mbaya. Kuna nzuri. Namba 142, mwanzoni mwa 1981, Nightcrawler anamuuliza Mystique, adui anayebadilika umbo, kwanini wanafanana, ngozi ya bluu, macho ya njano, jibu linakuwa nusu nusu. Claremont alitaka Mystique awe baba yake, maana anabadilika umbo anaweza kuwa mwanaume, na mama awe Destiny, mwenzi wa Mystique. Enzi zile isingeruhusiwa. Mwaka 2003 ikaja hadithi nyingine kwamba baba ni kiumbe kama shetani anaitwa Azazel, na watu wengi hatukuipenda. Mwaka 2023, miaka 42 baada ya lile swali, Si Spurrier akaandika toleo linalorudisha wazo la mwanzo, na akafanya hivyo bila kutupa ile ya Azazel, akaieleza kama kumbukumbu iliyopandwa. Nilisoma usiku nikashindwa kulala. Kuna mtu alikuwa ameweka swali mezani kabla sijazaliwa na mtu mwingine kabisa amelijibu.

Ila ona na kinyume chake. 1993, Mister Sinister anaongea na Scott kuhusu ndugu zake kwa wingi, wakati Scott anajua ana mdogo mmoja tu, Alex. Neno moja. Mwandishi Fabian Nicieza alikuwa na mtu wake kichwani, hakufika kumaliza. Miaka 12 mashabiki wanakisia, halafu 2005 mpaka 2006 Ed Brubaker akaja na Vulcan, mtu mwingine kabisa, ndugu wa tatu mwenye hasira. Kwenye hadithi isiyoisha ukidondosha neno, jua kuna atakayeliokota, na huenda asiwe wewe. Mimi siku hizi nikiandika redio nafuta kila sentensi ya namna hiyo nisiyo na mpango nayo.

Kuhusu umri, najua utaniuliza: hawazeeki kwa sababu wakati wao unateleza, miaka 60 ya vitabu ni kama miaka kumi na kitu ya maisha yao. Mara nyingi huoni hata. Lakini kuna wawili wanagoma kuteleza. Magneto, adui mkuu wa X-Men, ni Myahudi aliyenusurika Auschwitz akiwa mtoto, hilo liliwekwa wazi namba 150, mwaka 1981, na huwezi kulisogeza, Auschwitz ina tarehe. Wakaokolewa na bahati: 1974 kwenye jarida jingine aligeuzwa mtoto mchanga, halafu namba 104 akarudishwa mtu mzima aliyekomaa, mwenye nguvu. Kituko cha siku moja kikawa kinga yake ya umri mpaka leo. Wa pili ni Storm. Namba 102, mwaka 1976, tunaambiwa wazazi wake walikufa Cairo, ndege iliangukia nyumba yao wakati wa vita vya Suez, 1956. Mwaka 1976 hesabu inakaa, ni binti wa miaka ishirini na kitu. Leo angekuwa bibi wa zaidi ya 70, kwa hiyo Suez ikaachwa ififie, kikabaki kifusi na yule mtoto aliyefukiwa chini yake na mama yake maiti pembeni, ndiyo sababu mpaka leo Storm hawezi kukaa sehemu finyu.

Hapa nisimame kidogo, maana Storm ni wetu kwa namna fulani. Mama yake, N'Dare, ni binti wa kifalme kutoka Kenya, na Profesa anamkuta Kenya, watu wamempigia magoti kama mungu wa kike wa mvua. Sikufichi, nikiwa kijana ile ilinikera, ni Afrika ya watu waliokaa New York wakachora, hakuna duka, hakuna shule, hakuna matatu. Lakini Claremont alimpenda, na alimpa kitu ambacho ndicho jibu lako lingine. Namba 185, mwaka 1984, Storm ananyang'anywa nguvu zake. Wasomaji wakatulia, si wanarudisha mwezi ujao? Hawakurudisha. Mwaka ukapita. Namba 201 anapigana na Cyclops nani aongoze X-Men, yeye hana nguvu hata chembe, mwenzake ana miale ya macho, na anamshinda, kwa akili na kujificha na subira. Nguvu zilirudi karibu 1988, zaidi ya miaka mitatu. Ndiyo, zilirudi! Lakini Storm aliyerudishiwa siyo yule aliyepigiwa magoti, anajua sasa kwamba yeye siyo upepo wake. Hicho ndicho ninachokitafuta: kama mtu akirudi amekuwa mwingine, kifo chake hakijafutwa.

Na kuna Genosha, nayo iko mlangoni kwetu, kisiwa cha kubuni Bahari ya Hindi kaskazini mwa Madagaska, kilianza 1988. Nchi tajiri, barabara safi, na utajiri wote unabebwa na mamutanti waliofanywa watumwa, wamenyolewa vichwa, wameandikwa namba badala ya majina. Afrika Kusini ya ubaguzi ilikuwa bado imesimama wakati huo na kila msomaji alielewa wanasema nini. Mwaka 2001 maroboti yaliiteketeza, watu milioni 16 kwa toleo moja. Hapo nina ugomvi: vifo milioni 16 viliniuma kidogo kuliko kifo cha Jean mmoja, kwa sababu hatukuwa tumekaa nao mezani. Idadi kubwa ni njia ya mkato.

Sasa Krakoa, ambayo naona ndiyo jibu la waandishi wenyewe kwa swali lako. Mwaka 2019 Jonathan Hickman anachukua kisiwa hai kilichokuwa adui kwenye lile toleo la 1975, anakifanya taifa la mamutanti. Namba ya nne ya kitabu cha kwanza inaua karibu kila unayempenda, Cyclops, Jean, Wolverine, Nightcrawler. Namba ya tano, mayai yanapasuka. Mamutanti watano wakiunganisha vipaji vyao wanatengeneza mwili, na Cerebro, mashine ya Profesa ya kutafuta mamutanti, imehifadhi nakala ya akili zao. Halafu Storm anasimama mbele ya umati, anawataja mmoja mmoja, anauliza tutajuaje kwamba ni wao, nao wanajibu, na umati unapiga kelele za furaha. Yaani ile tabia ya miaka 40 iliyokuwa inatuudhi ikafanywa sheria ya nchi, sherehe, karibu ibada. Nilishika kichwa. Ujasiri ulioje, badala ya kuficha mshono wakauvaa nje.

Lakini uliza swali la bandani: nani analipa? Krakoa ilikuwa na masharti, na moja lilikuwa watu wawili wasiwe mtu mmoja, kwa hiyo kloni hafufuliwi ovyo. Mwaka 2020, kwenye jarida la Hellions, Madelyne Pryor anakufa, Alex, yule mdogo wake Scott, anaomba arudishwe, baraza linaloongoza Krakoa linakataa, yeye ni nakala na mwenye sura yupo. Zeb Wells aliyeandika alijua anachofanya. Paradiso ambayo kila mtu anarudi, na aliyeachiwa nje ni yule yule aliyelipa 1986. Baadaye walilegeza wakamrudisha, na enzi yote ya Krakoa ikafungwa 2024, ila ule mkutano wa baraza sijausahau.

Ulie kwa nini basi? Kwa sababu Scott alibaki na mikono imenyooshwa, na hiyo haikufutwa na mtu. Rafiki yako amekutajia tarehe za kurudi, hajakuambia chochote kuhusu hao waliokuwa wamesimama pale.

Ushauri wa kusoma, kwa kuwa uko 137: soma 138, mazishi, halafu usikimbilie 1986. Nenda taratibu, 141 na 142 za ule wakati ujao wa kutisha, 150 ya Magneto, kisha 168 mpaka 175, polepole, usimwangalie Madelyne kama nakala, sahau kwamba nimekuambia, mwangalie kama alivyoandikwa siku ile, rubani anayecheka na anayemjibu Scott bila kumwogopa. Halafu 185, 186, 201. Kisha ndiyo ufungue X-Factor namba 1, na ukifika kwenye ile simu, weka kitabu chini dakika mbili kabla ya kugeuza ukurasa, halafu niandikie ulikuwa upande wa nani.